Maneno Nayo Yana Kwao

(Maandishi ya mazungumzo yaliyosomwa katika redio, kipindi cha amani na mapatano. Vikundi vya wasikilizaji vinaweza kuyasoma kwa sauti na kuyajadili.)

 

Leo sitazungumza juu ya mikataba wala juu ya wakubwa wanaoitia sahihi. Nitazungumza juu ya maneno tunayoyasema kila siku bila kuyafikiri: kutia chumvi, fitina, mbuzi wa kafara, kunawa mikono. Maneno haya nayo yana kwao. Kila moja lilizaliwa mahali fulani, katika kazi fulani, likahama, likafika kwetu. Na mengine, kama watu wanaokimbia usiku, yaliacha nyuma kitu cha maana.

Nimechagua jambo hili kwa sababu ya wageni wawili waliotufikia hapa redioni, mama mmoja na kijana mmoja, waliotembea tangu alfajiri. Sitataja walikotoka, maana huko watu bado wanatazamana kwa macho makali. Walituambia hivi. Kati ya kijiji na mahali walipojenga watu waliokimbia vita kuna kijito. Asubuhi moja wanawake waliokwenda kuchota maji walimkuta kijana amelala kando ya shamba la mahindi, amekufa, ana jeraha moja kichwani. Alikuwa mmoja wa waliokimbia, umri wake kama miaka 17. Shefu wa kijiji alipoitwa akasema: jina lake halimo katika daftari langu, mimi nimenawa mikono. Prezida wa kambi alipoitwa akasema: amekufa katika udongo wa shefu, mimi nami nimenawa mikono. Maiti ikalala pale siku mbili. Siku ya tatu wanawake wa pande zote mbili wakaja na majembe, wakamfunga katika kipande cha bashi, wakamzika. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyefika.

Yule mama akatuuliza: ninyi mnaosoma vitabu, neno hili la kunawa mikono limetoka wapi? Nani aliwapa ruhusa ya kulitumia hivyo?

Nimetafuta, na jibu nitalitoa. Lakini sitaanza nalo, kwa sababu wale wawili hawakunawa mikono ghafula. Kabla ya hapo, na wakati ule ule, kulikuwa na maneno mengine yaliyokuwa yakipita juu ya kijito, na kila moja lilifanya kazi yake.

Tuanze na jina wanaloitwa watu wa ng'ambo ile: wadeplase. Neno ni la Kifaransa. Ni kitu kilichoondolewa mahali pake, kama kiti kilichosogezwa ili watu wapite. Tena Wafaransa hutumia neno lilo hilo kwa usemi usiofaa: neno lililosemwa pasipo mahali pake, nalo ni deplase. Nilipofikiri hivyo nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Katika habari hii walikuwapo deplase wa namna mbili, watu na maneno, na waliofanya uharibifu ni wale wa namna ya pili.

Kiswahili kwa upande wake kina neno mgeni. Neno hili limebeba watu wawili kwa jina moja: yule usiyemjua, na yule unayemkaribisha. Kiswahili hakikuwatenga. Anayefika mlangoni ni mgeni tu, na kama atakuwa mtu wa kuogopwa au mtu wa kupewa maji, hilo litaamuliwa na aliye ndani. Na aliye ndani anaitwa mwenyeji. Lifungueni neno hilo mtaona ni mwenye mji. Halisemi aliyetangulia kuzaliwa, halisemi mwenye makaburi mengi. Linasema mwenye mji, yaani mwenye mahali ambapo mwingine anaweza kukalishwa. Mimi nalisoma hivyo. Wazee wanaweza kunisahihisha.

Basi, mchana wa siku ile ya kwanza habari ilifika sokoni. Kule kijitoni jeraha lilikuwa moja. Sokoni yakawa majeraha matatu. Jioni kijana alikuwa amekatwakatwa na watu kumi. Hapo tunasema watu wametia chumvi. Kila mama anayenisikia anajua chimbuko la usemi huu, lakini fikirini kidogo zaidi. Zamani chumvi ilikuwa mali. Chumvi ya Katwe, kando ya Ziwa Edward upande wa Uganda, ilibebwa kwa mitumbwi na kwa vichwa vya watu hadi masoko ya mbali. Ile ya Uvinza, mashariki ya Ziwa Tanganyika, nayo ilivushwa ziwa. Mpishi alitia kwa ncha za vidole. Chumvi peke yake haishibishi mtu, kazi yake ni kufanya kilichomo chunguni kiliwe. Na habari ni hivyo hivyo. Mwenye kutia chumvi hakuleta sombe. Sombe ilikuwapo kweli chunguni, kijana alikuwa amekufa kweli, na ndiyo sababu msemaji anaaminiwa. Uongo mtupu ni rahisi kuukanusha. Ukweli uliotiwa chumvi utaukanushaje, wakati maiti ipo na kila mtu ameiona?

Habari ya namna hiyo tunaiita uvumi, kutoka kuvuma. Ngoma huvuma, upepo huvuma, nyuki huvuma. Unasikia sauti, humwoni anayepiga.

Lakini safari hii kuna mtu alionekana. Yule kijana mgeni wetu alituambia kwamba jioni ile mchuuzi mmoja wa kasiksi alivuka kijito mara mbili. Kijijini alisema: watu wa kambi wameanza kuuana wenyewe kwa ajili ya unga wa msaada, kesho watakuja kwenu. Kambini alisema: wenyeji wameanza kuwamaliza mmoja mmoja. Jambo hili lina jina lake, nalo ni fitina.

Fitina ni neno la Kiarabu, na kwao lilikozaliwa lilikuwa neno la wafua dhahabu. Kitenzi chake kilikuwa na maana ya kuyeyusha dhahabu au fedha kwa moto ili iliyo safi itengwe na takataka. Ninyi wa Kamituga, wa Shabunda, wa Misisi, kazi hii mnaijua. Kutoka katika moto wa fundi, neno likawa jina la jaribu lolote linalompata mtu. Tena likawa jina la vita vya ndugu: Waislamu walipopigana wao kwa wao baada ya kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656, vita vile viliitwa Fitna. Waswahili wa pwani wakalichukua kwa ugomvi unaopandwa kwa ulimi. Kiswahili chenyewe kilifika Maniema kwa misafara ya karne ya 19, ile ya akina Hamed bin Muhammed aliyeitwa Tippu Tip, aliyekaa Kasongo, pamoja na bunduki, pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Kwa hiyo hata lugha hii ninayosemea amani haikuja kwetu kwa amani. Nalisema hilo ili tusijivune sana.

Angalieni kilichopotea njiani. Fundi wa dhahabu anatia moto kwa sababu anatafuta kitu. Anasimama pale pale, anatazama, anajua wakati wa kuondoa moto. Katika fitina yetu moto umebaki, fundi hayupo. Yule mchuuzi aliuza kasiksi yake akaenda kulala.

Siku ya pili kijiji kilitafuta wa kulaumiwa. Walitajwa jamaa wa nyumba moja, watu waliotoka mbali kuliko wengine kambini, wanaosema Kiswahili kwa lafudhi yao. Ushahidi haukuwapo, lafudhi ilitosha. Ninyi mnaosoma Biblia mnakumbuka kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka waliambiwa aseme Shibolethi. Mwefraimu alishindwa sauti ya kwanza akasema Sibolethi, naye akauawa pale pale. Imeandikwa kwamba siku zile walikufa 42,000. Na neno lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Maana yake ni suke la nafaka, au mkondo wa maji. Watu walikufa kwa kukosea jina la chakula, au jina la mto waliokuwa wakitaka kuvuka. Ninyi mliowahi kusimamishwa kwenye barabara na kuambiwa semeni hivi tusikie, hamhitaji nieleze zaidi.

Wenye masomo wakaiona ile nyumba moja wakasema: hao wamefanywa mbuzi wa kafara. Usemi huu nao umetoka katika Biblia, Walawi, mlango wa 16. Mbuzi walikuwa wawili. Kura zilipigwa, mmoja akachinjwa, wa pili akaachwa hai akapelekwa jangwani. Tunakumbuka huyu wa pili, tunasahau kilichofanyika kabla hajaondoka. Haruni aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa cha mbuzi, akaungama makosa ya watu. Hakuungama makosa ya mbuzi. Hakuungama makosa ya kabila jirani. Aliungama makosa ya watu wake mwenyewe, na kila mtu pale alijua kwamba mnyama yule hakutenda lolote. Maungamo yalitangulia, mbuzi akafuata. Sisi tumetupa maungamo tukabaki na mbuzi, na tena tumesadiki kwamba mbuzi ndiye mwenye kosa. Neno kafara nalo ni la Kiarabu, mzizi wake ni kufunika. Kinachofunikwa ni kosa la mwenye kutoa, si la anayetolewa.

Usiku wa pili, alisema yule mama kwa sauti ndogo, mtu mmoja aliita watu wa nyumba ile kwa jina la mdudu. Hakulitaja jina lenyewe, nami sikumwuliza. Katika nchi hizi zetu hakuna haja ya kuuliza.

Lakini nitasema wazi jina moja tulijue lilikotoka, kwa sababu ni sisi wa redio tulioshiriki kulibeba. Nchini Rwanda neno inyenzi ni mende, yule wa jikoni, anayetoka taa ikizimwa. Katika miaka ya 1960 waliitwa hivyo wapiganaji waliotoka uhamishoni na kushambulia nchi usiku. Lilikuwa jina la watu wenye silaha. Ubaya, lakini ubaya wenye mpaka. Vita vilipoanza tena Oktoba 1990 likarudi. Kisha mwaka 1993 ilifunguliwa Kigali redio iliyoitwa RTLM, yenye muziki mzuri na watangazaji wachekeshaji, watu wakaipenda. Katika redio ile jina la mende liliondolewa mpaka wake. Halikuwa tena la mpiganaji peke yake, likawa la mwalimu Mtutsi, la mkulima Mtutsi, la mtoto mchanga. Hata neno zuri kama kufanya kazi, gukora, likatumiwa kwa maana ya kuua: asubuhi watu waliitwa kazini. Kuanzia Aprili hadi Julai 1994 waliuawa watu zaidi ya 800,000, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa kule Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio ile na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, lakini watatu wote walibaki na hatia.  Silaha yao iliyojulikana zaidi ilikuwa maneno.

Na sisi wa Kongo tusijifanye watazamaji. Agosti 1998 kule Kinshasa watu waliitwa vijidudu na takataka katika redio, wakawindwa barabarani na kuuawa. Kabla ya hapo, 1996 na 1997, wakimbizi Wahutu waliokimbilia kwetu walifuatwa msituni, wazee na watoto, na wote walifunikwa na jina moja, interahamwe, ambalo mwanzoni lilikuwa jina la vijana wa chama kimoja cha siasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2010 iliandika matukio 617 ya mauaji na ukatili katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Ukiisoma utaona hakuna upande uliokosa jina la kuwaita wengine. Leo hii huku kwetu bado kuna wanaogeuza jina la kikundi chenye silaha kuwa jina la kabila zima. Njia ni ile ile: kwanza jina la mwenye bunduki, halafu la anayefanana naye, halafu la mtoto wake.

Sasa turudi kwenye mikono, kama nilivyoahidi.

Ukiuliza watu, wengi watasema usemi huu umetoka kwa Pilato. Ni kweli, lakini nusu tu. Pilato anasimuliwa katika Injili ya Matayo, mlango wa 27. Alikuwa liwali wa Warumi. Aliona makutano wanafanya ghasia, akatwaa maji, akanawa mbele yao, akasema damu ya mtu yule haimhusu. Halafu akamtoa asulubiwe, na askari waliofanya kazi ile walikuwa wake. Wainjili wengine watatu hawasimulii maji yale. Basi ndivyo tunavyoutumia usemi: mimi simo, shaurini wenyewe.

Lakini Pilato hakuanzisha desturi ile. Aliikuta. Wayahudi waliokuwa mbele yake walielewa mara moja, kwa sababu ilikuwa katika sheria yao tangu zamani. Fungueni Kumbukumbu la Torati, mlango wa 21, aya 9 za kwanza. Nilipozisoma, kwa kweli nilikaa kimya kwa muda, maana habari iliyoandikwa pale ni habari ya kijito chenu.

Inasema hivi, kwa maneno yangu mimi. Ikiwa mtu ameonekana ameuawa, amelala shambani, na aliyempiga hajulikani, wazee na waamuzi watatoka. Angalieni neno hilo: watatoka. Hawatatuma mtu. Watapima kutoka pale maiti ilipo mpaka kila mji ulio karibu, kuzunguka pande zote. Hawaulizi jina lake limo katika daftari la nani. Hawaulizi kabila. Wanapima umbali. Mji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio wenye jambo. Hao watachukua mtamba ambaye bado hajafungwa nira, mali yenye thamani, watamshusha mpaka bonde lenye maji yasiyokauka, na huko watamvunja shingo. Makuhani watakuwapo. Ndipo wazee wote wa mji ule watanawa mikono juu ya mnyama, na kusema kwamba mikono yao haikumwaga damu hii wala macho yao hayakuona, na kuomba watu wao wasihesabiwe damu isiyo na kosa.

Mmesikia utaratibu? Maji yanakuja karibu na mwisho. Kabla ya maji kuna kutoka nyumbani, kuna kuisogelea maiti, kuna kupima, kuna kukubali kwamba mji wetu ndio ulio karibu, kuna gharama ya mnyama, kuna mashahidi; na pamoja na maji kuna kiapo kwamba hatukuua na hatukuona. Mzee anayejua aliyeua hawezi kusema maneno yale ya mwisho. Kwa hiyo kunawa mikono kulikuwa ni kubeba jambo. Pilato alichukua maji akaacha yote mengine, na sisi tumeurithi usemi kutoka kwake, si kutoka kwa wale wazee.

Mama yangu uliyeuliza, hilo ndilo jibu. Hakuna aliyewapa ruhusa. Neno walilitumia nusu.

Tena huku kwetu tuna kunawa mikono kwetu wenyewe, wala si kwa kitabu. Mtoto anapita na beseni na maji, anaanza na mgeni, kila mtu ananawa, kisha mikono yote inaingia katika bugali moja. Kwetu mtu ananawa ili akaribie. Anayenawa akaondoka ni yule aliyekwisha kula.

Wazee wangu, mashefu, msinichukie. Najua mzigo wenu. Shefu akimzika mtu asiyemjua, kesho wenye silaha wanaweza kumwuliza: umemzika kama nani, alikuwa wa kwenu? Wengine watamwuliza: mbona mmemficha? Ubao wa jeneza unanunuliwa, na mshahara wa shefu tunaujua. Prezida wa kambi naye hana udongo, hana mhuri, ana orodha ya unga tu. Wote wawili waliogopa, na hofu yao haikuwa ya bure. Lakini angalieni jinsi sheria ile ya kale ilivyofikiri juu ya hofu hiyo hiyo. Haikumwacha mzee mmoja atoke peke yake. Wazee walitoka pamoja, na waamuzi, na makuhani wakawapo. Mtu mmoja anaweza kuulizwa kwa nini umezika. Watu ishirini wa pande mbili, pamoja na mchungaji, padri na imamu, swali hilo linakuwa gumu zaidi kuwauliza.

Wanawake wale walilijua hilo bila kusoma. Walikwenda wengi, walikwenda mchana, walikwenda kutoka pande zote mbili.

Neno la mwisho ninalotaka kulitazama ni baraza. Siku hizi tukilisikia tunafikiri mkutano, meza ndefu, wakubwa, chupa za maji. Kwao kwenye pwani, baraza lilikuwa benchi la mawe na chokaa mbele ya nyumba. Mwenye nyumba alikaa pale jioni, anayepita akasalimu, akakaribishwa, akakaa. Hakuingia ndani kwenye mambo ya nyumba, wala hakubaki njiani kama mpita njia. Kutoka katika benchi, jina likahamia kwa mazungumzo yaliyofanyika juu yake, halafu kwa wazee wanaozungumza, halafu kwa serikali. Huku Kongo maana ya kwanza hatukuipoteza: tunasema barza, nasi tunataka kusema pale mbele ya nyumba, chini ya ukingo wa bati, mahali pa kungojea mvua ipite. Mwaka 1998 katika Kivu ya Kaskazini wazee wa makabila 9 waliweka baraza la namna hiyo, wakaliita Barza ya makabila, kushughulikia migogoro ya mashamba na ya damu. Lilifanya kazi kwa miaka kadhaa. Siasa ilipoingia kati likavunjika, mwaka 2005. Benchi lilivunjika, lakini kwamba wazee wa makabila 9 waliwahi kukaa juu yake, hilo lilifanyika na watu wanalikumbuka.

Wageni wetu walipoondoka nilidhani habari imekwisha. Juma lililopita yule kijana alituma neno kwa dereva wa lori. Anasema wanawake wa pande mbili wametengeneza mabenchi mawili ya mbao za mkalitusi, wameyaweka kando ya kijito, karibu na kaburi, moja upande huu, moja upande ule, yakitazamana. Hawakuomba ruhusa, kwa sababu hakuna anayejua hasa udongo ule ni wa nani. Shefu ameitwa kwa Jumamosi asubuhi. Prezida wa kambi ameitwa. Watu wa ile nyumba moja nao wameitwa, na mchuuzi wa kasiksi pia. Wanataka kwanza kupima, kwa kamba, kutoka kaburini mpaka kila mlango ulio karibu. Kamba wameipata.

Mpaka saa hii ninapozungumza nanyi, mmoja tu kati ya wale wakubwa wawili ameitikia kwamba atakuja. Sitasema ni yupi, maana nadhani wote wawili wanasikiliza redio.

Kwa leo tunaishia hapo. Ikiwa katika lugha ya kwenu, iwe Mashi, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, Kibembe, Kilega au nyingine yoyote, kuna msemo wa mapatano ambao wazee wanajua ulikotoka, mpeni mtu yeyote anayekuja mjini atuletee, kwa karatasi au kwa mdomo.